Uvae Nini Ukienda Mbugani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Simu yangu hujaa maswali ya nguo mara mbili kwa mwaka: Juni, shule zinapofunga, na Desemba, watu wanapopanda Moshi na Arusha kula sikukuu kisha wakasema "tupitie na mbugani kidogo". Wengi wanaouliza ni Watanzania wenzangu, pamoja na Wakenya wanaovukia Namanga, na wengi wao ndiyo mara yao ya kwanza. Mimi ni dereva mwongozaji, na haya ndiyo majibu ninayoyarudia hadi nayaota. Yanahusu zaidi hifadhi za kaskazini: Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Nikigusa kwingine nitasema.

## Mambo ya mwanzo

Ni lazima ninunue zile nguo za kaki zenye mifuko mingi?

Hapana. Hakuna askari wa getini anayekagua mavazi, na simba hajawahi kumkimbia mtu kwa sababu ya fulana ya Simba au ya Yanga.

Neno kaki asili yake ni Kiajemi na Kiurdu, na maana yake ni rangi ya vumbi. Siri yote iko hapo. Kaki haikufichi wewe kwa mnyama, inakufichia vumbi wewe mwenyewe, ukafika jioni bado unafanana na mtu. Ile kadeti ya kahawia unayoivaa kazini Ijumaa inatosha kabisa.

Kama kabatini hamna kitu, pita mtumbani: Karume pale Dar, Memorial pale Moshi, Gikomba kwa walio Nairobi. Tafuta suruali nyepesi iliyolegea na shati la mikono mirefu. Shati la mtumba limeshafuliwa mara nyingi, limelainika, na halikukwaruzi shingo safari nzima. Hela inayobaki itie kwenye jaketi zuri au ukodi darubini. Darubini utaikumbuka, mifuko kumi na miwili ya suruali hutaikumbuka.

Kwa siku mbili na usiku mmoja nibebe nini hasa?

Suruali mbili, shati moja la mikono mirefu, fulana mbili, sweta zito au jaketi lenye kuzuia upepo, kofia, mtandio au leso kubwa, soksi jozi tatu, raba, ndala za bafuni, nguo za ndani, na kitu cha kulalia chenye joto. Ongeza kanga moja hata kama wewe ni mwanaume. Utaifunika kamera, utaikalia, utaifuta jasho, na ikibidi utajifunga.

Kitu ambacho watu wa pwani hawakiamini kwenye orodha hii ni sweta. Soma sehemu ya baridi hapo chini kabla hujalitoa begini.

Rangi gani nisivae?

Bluu iliyoiva na nyeusi. Hizo mbili tu ndizo ninazozipigania. Sababu yake ni mbung'o, ambao huku kwetu wengi huwaita ndorobo.

Ukipita Tarangire au baadhi ya maeneo ya Serengeti utaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa mitini kando ya barabara. Mgeni hudhani ni nguo za mtu zimeanikwa. Ile ni mitego: mbung'o huvutwa na rangi hizo, anakuja kutua, anakutana na dawa. Sasa fikiria umekaa garini na jinzi ya bluu na fulana nyeusi. Umekuwa mtego usio na dawa.

Mbung'o hafanani na mbu. Anauma mchana, anafuata gari linalokwenda, na sindano yake inapenya kitambaa chembamba kilichobana mwili. Taiti hazimzuii. Dawa za kupaka ngozini humpunguza kidogo tu. Kinachosaidia ni kitambaa kizito kiasi kilichokaa mbali na ngozi, rangi iliyopooza, na kufunga vioo mnapopita kwenye miti minene. Mbung'o ndiye anayeeneza malale, na ingawa ni watalii wachache mno wanaoupata ugonjwa huo, ukishaumwa mara tano hutahitaji kutishwa na malale ili ujute.

Ukanda wa kusini na magharibi, yaani Mikumi, Nyerere, Ruaha na Katavi, una mbung'o wengi vilevile. Juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro hutawaona, baridi imewashinda.

Nyekundu je? Haichokozi wanyama?

Mmasai anachunga ng'ombe karibu na simba akiwa amevaa shuka jekundu, na amefanya hivyo miaka mingi. Swala, nyumbu na hata simba macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani. Wanachokiona haraka ni kitu kinachochezacheza. Anayepunga mikono akiwa na kaki anawashtua zaidi kuliko aliyetulia na fulana nyekundu. Ukiwa ndani ya gari, vaa. Kwa matembezi ya miguu, angalia swali lake huko chini.

Na nyeupe?

Haina ubaya wowote, ila saa nne asubuhi itakuwa si nyeupe tena.

## Baridi, jua na vumbi

Kweli kuna baridi? Si Tanzania hii hii?

Ni hii hii, lakini umepanda. Kila mita 1,000 unazokwenda juu, joto hushuka kwa nyuzi kama 6. Ukingo wa Ngorongoro uko karibu mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyetoka Dar asubuhi amehama hali ya hewa, si mkoa tu. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa pale juu hushuka chini ya nyuzi 10, na ukungu hulala barabarani hadi jua likomae. Seronera, katikati ya Serengeti, ni chini zaidi, kama mita 1,500, lakini alfajiri bado utavuta sweta.

Kuna jambo la pili watu hawalihesabu: upepo. Wanyama huonekana vizuri mapema, kwa hiyo tunaingia getini saa 12 asubuhi. Paa la gari limeinuliwa, mmesimama vichwa nje, gari linakwenda kilomita 40 au 50 kwa saa. Hata kama hewa yenyewe si baridi sana, upepo unaichonga ngozi.

Niliwahi kupokea familia kutoka Dar mwezi wa Julai. Baba pensi, mama dera jepesi, watoto ndala. Niliwauliza kuhusu makoti, baba akacheka: "Kaka, sisi hatuendi Ulaya." Tulipofika Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, watoto walikuwa wamejiviringisha vifuniko vya viti vya gari, na baba aliniomba koti langu "la kuonja tu". Alilirudisha saa tano.

Vaa kwa tabaka basi: fulana, juu yake shati, juu yake sweta, juu kabisa jaketi. Ukishuka chini ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambako ni kama mita 600 chini ya ukingo, jua litaanza kukuvua moja moja. Kufika mchana umebaki na fulana. Jioni unaanza kuvaa upya.

Nikienda hifadhi za joto nahitaji hayo yote?

Hapana. Saadani ni pwani, jasho ni lile lile la Bagamoyo. Mikumi na Nyerere ziko chini, mchana ni moto, na kiatu cha wazi hakikutesi garini. Chukua jaketi moja jepesi kwa ajili ya alfajiri, Juni na Julai hasa. Ruaha na Katavi mwezi wa Oktoba ni tanuri, pamba nyepesi ndiyo mwokozi wako.

Pamba au poliesta?

Pamba kwa joto kavu, kwa sababu inapitisha hewa. Kitambaa mchanganyiko kwa masika, maana pamba ikilowa haikauki hadi kesho. Jinzi ina kasoro mbili: ni nzito ikilowa, na mara nyingi ni bluu. Hiyo bluu nimeshaisema.

Masika nivae nini?

Koti la mvua jepesi na viatu usivyovipenda sana. Machi hadi Mei udongo mweusi wa mbugani hugeuka gundi. Gari likikwama, abiria wanashuka pale dereva anaposema ni salama, na matope hayachagui chapa ya raba. Mwavuli uache nyumbani, kwenye gari lililofunguliwa paa unamtoboa jirani macho.

Vumbi nitalifanyaje?

Vumbi la kiangazi ndilo linalochosha watu kuliko yote. Barabara ya kutoka Ngorongoro kupita njia panda ya Olduvai hadi Naabi, geti la Serengeti, ina vumbi laini kama unga wa sembe, linaingia hata kwenye zipu iliyofungwa. Wanaokwenda Amboseli kule Kenya wajiandae vilevile.

Mtandio au leso ya kufunga pua na mdomo inafanya kazi kuliko barakoa ya karatasi, kwa kuwa unaikung'uta na kuivaa tena. Wanaovaa lenzi za macho waje na miwani ya kawaida. Walioseti nywele wafunge kilemba tangu Karatu, maana vumbi likishaingia kwenye rasta au suko jipya, maji ya loji hayatoshi.

Kofia gani?

Pana, yenye kamba ya kidevu. Kapelo inakinga uso lakini inaacha masikio na shingo, na upepo ukiipeperusha nje ya gari hatushuki kuifuata. Nimeacha kapelo za watu Serengeti za kutosha kufungua kibanda.

## Miguuni

Buti ni lazima?

Kwa safari ya gari, si lazima. Unashuka sehemu chache tu: getini, kwenye vyoo, kwenye vituo vya kulia chakula. Raba ya kawaida inatosha. Chagua inayovulika upesi, kwa sababu madereva wengi, nikiwemo mimi, tunaomba uvue viatu ukitaka kusimama juu ya kiti. Ndiyo maana nilitaja soksi jozi tatu. Soksi iliyotoboka itaonekana na gari zima.

Ndala zibaki kwa ajili ya bafuni. Viatu vya visigino nimeviona vikija. Sisemi kitu.

## Maswali ya akina mama na dada

Mimi navaa hijabu na baibui. Nitasumbuka?

Hutasumbuka, ila badilisha rangi. Baibui jeusi linavuta joto na, Tarangire au Mikumi, linavuta mbung'o. Vaa la rangi ya maziwa, udongo au kijani kibichi kilichopooza. Kwa upande mwingine umeshatutangulia wote: ushungi unakinga jua, shingo na vumbi kwa pamoja, na niqabu ni kinga ya vumbi bora kuliko leso yangu. Kitambaa kisiwe cha kuteleza, upepo wa paa utakumaliza pini. Chini ya baibui vaa suruali, utahitaji kupanda na kushuka gari lenye ngazi ndefu.

Kwa wanaume wanaouliza kuhusu kanzu: beba kwa ajili ya swala hotelini, garini panda na suruali.

Dera au sketi inafaa?

Dera lina hewa na linasitiri, lakini linanasa mlangoni na kupepea ukisimama kwenye paa. Sketi ndefu iliyolegea ina faida moja ambayo wenye suruali huja kuionea wivu, nayo ni kuchimba dawa. Vyoo viko mbali, na pale ambapo dereva amekagua na kuruhusu mtu ajisitiri nyuma ya gari, mwenye sketi au mwenye kanga ya kujifunga anamaliza shughuli bila kumwonyesha twiga chochote. Basi chaguo langu ni suruali pamoja na ile kanga.

Ni kweli matuta yanaumiza kifua?

Kweli, na akina dada huniuliza kwa kuzunguka sana. Barabara za mbugani zina mawimbi kama bati. Vaa sidiria ya michezo, inayobana vizuri. Mwenye ujauzito azungumze kwanza na daktari kuhusu safari yenyewe, nguo zifuate.

## Watoto na wanafunzi

Mtoto mdogo nimvishe nini?

Kama wewe, pamoja na seti mbili za ziada. Atamwaga juisi, atajikojolea gari lisipoweza kusimama, atalala akiwa ametoka jasho. Sweta lake liwe mkononi, lisiwe ndani ya begi lililofungwa juu ya gari. Na msimzidishie nguo mchana, watoto wanaopewa makoti saa saba ndio wanaotapika.

Shule yetu inakuja na wanafunzi 60 wakiwa na sare. Kuna tatizo?

Hili naomba walimu walisome mara mbili. Sare zetu nyingi ni shati jeupe na sketi au suruali ya bluu iliyoiva, juu sweta la bluu. Hiyo ndiyo rangi ya mtego wa mbung'o. Basi la shule lenye madirisha wazi likipita Mikumi au Tarangire, watoto wanarudi wamevimba.

Naelewa sababu ya sare: mwalimu anataka kuwahesabu na kuwatambua. Tumieni fulana za michezo za shule kama ni za njano, kijani au nyekundu, na kaptula au suruali ya kaki kwa wenye nazo. Kama sare ya bluu haiepukiki, fungeni madirisha mnapoingia msituni. Sweta zibakie kwa ajili ya Ngorongoro, kule hakuna mbung'o.

## Hali za pekee

Nina suruali ya mabakamabaka, niivae?

Usiivae, na usiibebe. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba kuzisalimisha. Kenya na Uganda nako utapata matatizo. Kusema "nimenunua dukani Marekani" hakukusaidii kizuizini, na ndugu zetu wanaotoka ughaibuni ndio wanaonaswa zaidi.

Matembezi ya miguu yana mavazi tofauti?

Ndiyo. Hapa rangi inahesabika, kwa sababu hakuna gari la kukuficha. Acha nyeupe na rangi zinazowaka, vaa za udongo na majani. Kiatu kilichofunika mguu, soksi ndefu, na suruali uichomekee ndani ya soksi. Utaonekana mshamba, lakini kupe na siafu hawatapata njia. Marashi na udi viache siku hiyo: mnatembea na askari anayechunga upepo ili mnyama asinuse mapema, nawe unanukia kama harusi ya Tanga.

Na kwenye puto la kuruka angani?

Unaamka usiku, kuna baridi, kisha moto wa gesi unakuunguza utosi. Jaketi na kapelo, basi. Kikapu kina ukuta wa kupanda na mara nyingine kinatua kwa kulala ubavu, hivyo sketi hapana.

Naenda kuona sokwe Mahale, au gorila Rwanda na Uganda. Nifuate orodha hii?

Si yote. Kule ni msitu: unyevu, mteremko, majani yanayowasha. Buti zinazoshika utelezi ni za lazima, mikono mirefu, koti la mvua, na kwa gorila glavu za bustani za kushikia miiba. Utavaa barakoa ukiwakaribia, kwa kuwa mafua yetu yanaweza kuwaua.

Nasafiri kwa ndege ndogo. Begi gani?

Laini, lisilo na magurudumu. Kikomo ni kilo 15 mara nyingi, mara nyingine pamoja na begi la mkononi, na sanduku gumu halikunjiki kwenye sehemu ya mizigo. Vaa buti na jaketi mwilini. Usipange nguo kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Nikikaa siku sita nitafua?

Loji nyingi zinafua, ila nyingi hazipokei nguo za ndani, hizo fua mwenyewe. Zianike ndani au juani kabisa, zisilale chini wala kivulini. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia chini ya ngozi. Pasi ya moto inayaua.

Kunyunyizia nguo dawa kunasaidia?

Kwa mbu na kupe, ndiyo. Ile ya permethrini ni ya jamii moja na dawa za vyandarua. Inapuliziwa nguo, si ngozi, nayo inaachwa ikauke kabla ya kuvaa. Mbu wa malaria anauma usiku, kwa hiyo jioni ndiyo saa ya mikono mirefu na soksi.

Nataka kupendeza kwenye picha. Unanihukumu?

Hata kidogo. Njano ya haradali, chungwa la udongo na kijani cha zeituni hutoka vizuri kwenye nyasi za kiangazi, kuliko kaki inayokumeza. Kitenge kinapendeza mno, chagua kisicho na bluu nyingi. Gauni la picha libebe begini, ulivae kwenye kituo cha kulia chakula, na uangalie mwewe: pale Ngoitokitok, kituo cha kulia chakula ndani ya kreta ya Ngorongoro, huchukua kuku mkononi mwa mtu akiwa anapozi.

Nimeshafika Karatu na sina koti. Nifanyeje?

Usihangaike. Barabarani Mto wa Mbu na Karatu kuna maduka ya mashuka ya Kimasai. Nunua zito, si lile jepesi la mapambo, likunje mara mbili, funga begani. Jekundu sawa, zambarau sawa. Muuzaji atakushawishi uchukue la bluu kwa sababu ndilo limebaki rundo zima. Mwambie akuonyeshe mengine.